Kipupwe kimoja, baridi tofauti: Mbegu ya bei nafuu inavyomgharimu mkulima wa mboga

KILA mwaka masika yanapokatika, pilikapilika huhamia kwenye maduka ya pembejeo. Mwenye bustani nyuma ya nyumba, kikundi cha akina mama chenye matuta bondeni na mkulima wa nusu ekari wote hutafuta kitu kimoja: mbegu za mboga za msimu wa baridi. Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ambacho jua si kali, wadudu wengi hupungua kasi ya kuzaliana na maji ya kumwagilia hudumu ardhini. Kwa maeneo mengi ya Tanzania, huu ni msimu mzuri wa bustani kuliko yote.

Hata hivyo, ni msimu huohuo ambao kaya nyingi hupoteza fedha bila kujua zilikopotelea. Mbegu hazioti, kabichi hazifungi, karoti zinatoa maua badala ya kunenepa na nyanya zinaungua kwa ukungu kabla hazijaiva. Lawama hupelekwa kwa mvua, kwa mbolea, hata kwa mkono wa mtu. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika dukani, pale mnunuzi alipouliza bei ya mbegu bila kuuliza inafaa kwa baridi ya wapi.

Baridi ya Njombe si ya Dar es Salaam

Watu huzungumzia msimu wa baridi kana kwamba ni mmoja nchi nzima. Ukweli ni kwamba kila mahali panapoinuka mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Dar es Salaam iko ufukweni. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Arusha na Lushoto ziko karibu na mita 1,400, na Njombe inakaribia mita 2,000. Usiku ambao mkazi wa Dar es Salaam anatafuta shuka ya kujifunika, mwenzake wa Njombe ameshasogeza jiko la mkaa ndani, na huko kwenye uwanda wa Kitulo nyasi zinaweza kuamka zimeganda kwa jalidi.

Kwa hiyo kipupwe kina maana tofauti kwa kila mkulima. Kwa wa pwani na tambarare, ni nafasi ya kulima mboga ambazo joto la Januari huzikataa: saladi, chainizi, spinachi na karoti. Kwa wa maeneo ya kati kama Arusha na Lushoto, karibu kila mboga inawezekana, mradi muda wa kusia uheshimiwe. Kwa wa nyanda za juu, ni msimu wa kabichi, karoti, figiri, njegere na vitunguu saumu, wakati mchicha, bamia, matango na pilipili hoho hudumaa tu.

Nyanya ziko katikati ya ugomvi huu. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua yake hudhoofika na maua hudondoka bila kushika tunda. Unyevu wa asubuhi nao hukaribisha ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ndiyo maana mkulima wa nyanda za juu anayeng'ang'ania nyanya za Julai bila kuzifunika hushindana na mkulima wa tambarare ambaye kwa wakati huo hali ya hewa inamwonea huruma.

Mbegu inasikia joto la udongo

Mbegu haisomi kalenda. Inasikia joto la udongo. Mchicha na bamia hutaka udongo wa nyuzi 20 au zaidi ili ziote haraka. Zikisiwa kwenye udongo baridi hukaa, na nyingine huoza. Kabichi, karoti na vitunguu huota hata kwenye udongo wa baridi, ingawa polepole. Saladi ni kinyume cha mchicha: huota kwenye baridi kali, lakini udongo ukivuka nyuzi 30 hulala usingizi na kukataa kuota hata kama mbegu ni nzima.

Kutokana na hilo, mkulima wa pwani anashauriwa kusia saladi jioni, kwenye kitalu chenye kivuli, na kumwagilia maji ya kupoza udongo. Yule wa nyanda za juu anayetaka nyanya au hoho hana budi kusia mapema, baridi haijakomaa, au kuotesha miche kwenye trei iliyowekwa mahali penye joto na kuifunika usiku.

Vilevile, siku za kukomaa zilizoandikwa kwenye pakiti hazipaswi kuchukuliwa kama ahadi. Pakiti ikisema siku 75, hesabu hiyo ilifanywa mahali fulani penye joto fulani. Kwenye baridi kali zao hilohilo linaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa. Kwa anayelima kwa ajili ya kula nyumbani, kuchelewa ni usumbufu. Kwa aliyemwahidi mwenye genge, hoteli au shule kabichi za mwisho wa Agosti, kuchelewa ni kupoteza mteja.

Karoti inapogeuka kuwa ua

Karoti, kabichi na vitunguu kwa asili ni mimea ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza huweka akiba ya chakula. Baada ya kupitia majira ya baridi hutoa maua na mbegu. Mmea ukishakua kiasi, kisha ukapigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa wiki kadhaa, hudhani majira hayo yamepita. Huacha kunenepa na kusimamisha shina la maua. Mzizi hubaki mgumu kama kijiti, nao hauna soko.

Aina hazifanani katika hili. Karoti ya Kuroda, iliyotokana na uzalishaji wa Kijapani, inavumilia joto na inafaa tambarare, lakini kwenye baridi kali huwahi kutoa maua. Nantes hupenda ubaridi na ni mtulivu zaidi kwenye miinuko. Chainizi nayo huhisi baridi tangu ikiwa mche mdogo. Ile inayostawi Dar es Salaam mwezi Julai inaweza kuchanua Njombe kabla haijajaza fungu moja. Huko juu, figiri hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kitunguu kina sharti la ziada. Hujaza kwa kufuata urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zijaze, na mchana wa namna hiyo haupo Tanzania. Mkulima akipewa mbegu hizo kama zawadi na ndugu aliyeko ughaibuni atavuna majani matupu. Aina kama Red Creole na Bombay Red, ambazo hujaza kwenye mchana mfupi, ndizo za mazingira yetu.

Tabia hiyohiyo inaeleza kwa nini mbegu za kabichi na karoti huagizwa kwa wingi kutoka nje. Ili kuzalisha mbegu zake inahitajika baridi ya kutosha kuuamsha mmea utoe maua, na sehemu kubwa ya nchi haina baridi hiyo. Shilingi inapodhoofika dhidi ya dola na euro, bei ya pakiti dukani hupanda hata kama mavuno ya mbegu huko nje yalikuwa mazuri. Mkulima hawezi kuizuia gharama hiyo, lakini anaweza kupunguza kiasi cha mbegu anachopoteza.

Hesabu ya pakiti

Tuchukue mfano wa pakiti mbili, kila moja ikiwa na mbegu 1,000. Ya kwanza inauzwa Sh2,000 na ya pili Sh3,500. Wengi watachukua ya kwanza. Lakini kama ya kwanza inaota kwa asilimia 40, mnunuzi amepata miche 400, na kila mche umemgharimu Sh5. Kama ya pili inaota kwa asilimia 85, amepata miche 850, na kila mche umemgharimu takriban Sh4. Ile iliyoonekana nafuu ndiyo ghali. Hapo bado hazijahesabiwa wiki mbili au tatu zilizopotea kungoja kitalu kisichoota, ambazo kwenye kipupwe chenye miezi mitatu tu ni hasara kubwa kuliko bei ya pakiti.

Ukubwa wa pakiti nao ni hoja. Gramu moja ya mbegu za kabichi ina mbegu zipatazo 250 hadi 300. Tuta la mita za mraba 10, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, linachukua miche kama 37. Kwa hiyo gramu moja, hata theluthi yake ikipotea, inatosha matuta manne. Mwenye bustani ya nyumbani anayenunua kopo la gramu 50 kwa sababu bei ya gramu moja humo ni ndogo ananunua mbegu zitakazozeeka kabatini. Lililo busara ni majirani au wanakikundi kuchanga, kufungua kopo siku moja na kugawana.

Si kila mbegu lazima inunuliwe kila msimu. Nyanya za Tanya na Tengeru 97, ambazo si chotara, zinaweza kuchaguliwa matunda bora na kutunziwa mbegu. Mnafu na nyanya chungu ni hivyohivyo, na kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kilichopo Arusha kimesaidia kupatikana aina bora, kama Nduruma na Olevolosi kwa mnafu na Tengeru White kwa nyanya chungu. Chotara ni jambo jingine. Mbegu zilizotolewa kwenye tunda la chotara hazifanani na mama yao, na anayezipanda anacheza bahati nasibu.

Kisoda na kopo lililofunguliwa

Jambo linalohitaji kusemwa wazi ni biashara ya kupima mbegu kwa kisoda. Mwenye duka hufungua kopo, huliweka juu ya kaunta na kuuza kisoda kimoja kimoja kwa wateja wenye fedha kidogo. Huduma hiyo inamfikia mtu wa kipato cha chini, na ndiyo sababu imedumu. Tatizo ni kwamba kisoda hakina jina la aina, namba ya kundi wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa mbegu ni kwamba unyevu ndani ya mbegu ukipanda kwa asilimia 1, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Joto la ghala likipanda kwa nyuzi 5, hupungua kwa nusu tena. Kopo lililo wazi chini ya bati la mjini pwani linapigwa na yote mawili. Mbegu za vitunguu ndizo dhaifu kuliko nyingi, kwani katika hali hiyo zinaweza kufa kabla ya kumaliza mwaka. Za nyanya hustahimili zaidi.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, inataka mbegu zinazouzwa ziwe zimethibitishwa na zina lebo. Lakini sheria peke yake haimpi pakiti ndogo mwenye Sh1,000 mkononi. Kampuni zinazofungasha gramu chache kwa bei inayolipika ndizo zitakazoua biashara ya kisoda, kwa kuwa mteja wake hakukipenda, alikosa mbadala. Aidha, utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambao huwawezesha wakulima wadogo kuzalisha mbegu chini ya ukaguzi na kuziuza katika maeneo yao, ungeweza kutumika zaidi kwa mnafu, mchicha na nyanya chungu, mazao ambayo hayahitaji baridi ya Ulaya ili kutoa mbegu.

Faida iko kwa anayetofautiana na wengi

Kwa upande wa soko, kipupwe kina mtego wake. Masika yakikatika, wengi husia wiki moja, hupandikiza wiki moja na kuvuna wiki moja. Bei huporomoka, na mwenye gari ndiye anayepanga. Anayesia theluthi ya kitalu chake kila baada ya wiki mbili hula na kuuza kwa muda mrefu zaidi, bila kuongeza hata mita moja ya eneo.

Mchuuzi naye ana la kujifunza. Wakati wa baridi, kabichi na karoti hushuka kutoka milimani, huku nyanya, bamia na matango ya tambarare yakipata wateja juu. Anayejua joto la kila upande anajua gari lake lipakie nini linapokwenda na lipakie nini linaporudi.

Kinachohitajika kabla ya kununua si kikubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, na redio husoma. Ofisa ugani wa kata anaweza kueleza aina zilizofanya vizuri kwenye mwinuko huo. Pakiti inasomwa: jina la aina, tarehe, lebo. Na kabla ya kusia, mbegu 50 hufungwa kwenye kitambaa kibichi, hukaa ndani siku 7 hadi 10, kisha huhesabiwa. Zikiota chini ya 30, mnunuzi ana haki ya kurudi dukani na kitambaa chake mkononi. Mwenye duka akijua kwamba wateja wake wanapima, kopo la mwaka juzi halitakaa tena juu ya kaunta.