Kabla ya Kupima Moyo wa Dereva, Pimeni Ratiba

MAONI YA WIKI
Na Zuhura Mkambala

Lori la transiti likishatoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia au Kongo, macho yanayolifuata ni mengi. Watu wa mapato wanafuatilia mzigo kwa kufuli la kielektroniki, tajiri anaangalia king'amuzi cha gari lake kwenye simu akiwa sebuleni, na mizani za Vigwaza, Mikese na Mpemba zinasoma uzito. Aliyekuwa hasomwi ni mtu aliyeshika usukani, na sasa zamu yake imefika. Zipo saa na bangili zinazouzwa kwa ahadi ya kupima msongo wa dereva akiwa safarini na kupeleka majibu ofisini papo hapo. Migodini Australia wamefika mbali zaidi: kuna utepe unaovaliwa ndani ya kofia, unasoma mawimbi ya ubongo ili kujua dereva gani ameanza kuchoka. Kwetu vifaa hivi bado havijaenea, kwa hiyo tuna nafasi ya kuvijadili kabla havijawa sharti la ajira. Sivipingi. Ninachopinga ni kumvisha dereva bangili huku ratiba, posho na mkataba wake vikiachwa vilevile.

Tuanze na kinachopimwa. Taa ya kijani iliyo chini ya saa humulika ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo kwa jinsi damu inavyopita. Vifaa vingine hupima pia jasho na joto la ngozi. Moyo wa mtu aliyetulia hauna mpigo ulionyooka: muda kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika kidogo kidogo. Mwili ukibanwa, tofauti hiyo hupungua, na programu inaandika kwamba kuna msongo. Hadi hapo sayansi ni ya kweli, ila tafsiri ndiyo inayoyumba. Kahawa hupandisha mapigo, mirungi nayo hupandisha, homa vilevile, na joto la kabini isiyo na kiyoyozi halibaki nyuma, achilia mbali barabara mbovu inayoutikisa mkono hadi kifaa chenyewe kikasoma ovyo. Dereva anayeshuka mlima Kitonga na tani 30 za shaba nyuma yake, gia nzito, mguu ukiionea breki huruma, lazima moyo umdunde. Mimi ningemwogopa yule ambaye haumdundi. Tena usingizi hauji kwa mapigo kupanda. Mara nyingi huja yakiwa yanashuka. Kifaa kilichotengenezwa kutafuta msongo kinaweza kumwona anayesinzia usiku katikati ya hifadhi ya Mikumi kikadhani amestarehe.

Pamoja na kasoro hizo, kuna mahali bangili ingesema jambo ambalo king'amuzi cha gari hakiwezi kulisema. Chukua foleni ya mpakani Tunduma. Gari limezimwa, na ofisini ramani inaonyesha kwamba limesimama tangu jana jioni. Bosi anasoma kwamba dereva amepumzika. Amepumzika wapi? Foleni inaweza kusogea saa nane usiku. Wa mbele akisogea mita tano nawe usogee, la sivyo unapitwa na nafasi imekwenda. Kuna wa kunyonya mafuta kwenye tenki na kuna wa kuchana turubai, na lolote kati ya hayo likitokea deni ni la dereva. Analala ameegemea usukani, sikio liko nje. Asubuhi karatasi zikigongwa mhuri anaingia Nakonde na kuendelea kama aliyetoka kitandani. Kwenye rekodi ya lori huo ni usiku wa mapumziko, lakini rekodi ya mwili wake ingeonyesha usiku wa kazi. Hapo bangili inageuka kuwa shahidi wa dereva, na swali kubwa kwangu ni shahidi huyo atakuwa mikononi mwa nani.

Msongo huu unajulikana unakotoka, hata bila kifaa. Kontena lina siku zake za bure. Zikiisha, kila siku inalipiwa. Mwenye mzigo anamsukuma wakala, wakala anamsukuma mwenye lori, mwenye lori anapiga simu kwa dereva. Dereva hana wa kumsukuma ila injini. Wengi kipato chao kinategemea safari, hivyo saa ya kulala ni saa ya hasara. Sheria zipo: hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kwa siku, na kwa jirani, Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwaka 2015 madereva wa Tanzania waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Walikuwa wamekwisha kutaja kinachowasumbua.

Wamarekani wametutangulia katika jaribio linalofanana na hili. Desemba 2017 walianza kulazimisha malori kuwa na kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa za kuendesha. Watafiti Alex Scott, Andrew Balthrop na Jason Miller, katika utafiti uliochapishwa 2021, walikuta kwamba ukiukaji wa saa ulipungua kweli, lakini ajali hazikupungua, na katika kampuni ndogo makosa kama mwendo kasi yaliongezeka. Hakuna la kushangaza. Saa zilibanwa, muda wa kufikisha mzigo ukabaki uleule, na dereva akaufidia kwa mguu wa mafuta.

Najua mwenye lori atasema: gari langu, bima yangu, mkopo wa benki ni wangu, nina haki ya kujua kama ninayemkabidhi yuko sawa. Haki hiyo anayo, na inatimizwa kwa kumpima dereva afya kabla ya safari na kumpa muda wa kulala. Haifiki hadi kwenye mapigo ya moyo wake saa saba usiku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ridhaa anayoombwa mtu na yule anayemlipa mshahara ni ridhaa ya kutiliwa shaka. Dereva akishajua kwamba mstari mwekundu kwenye simu ya bosi unaweza kumkosesha safari ijayo, atamvisha utingo bangili hiyo.

Hoja nzito zaidi ni ya abiria wa basi linalopishana na lori hilo. Kwa nini usalama wake uwekwe nyuma ya faragha ya dereva? Usiwekwe. Lakini kinachomlinda abiria ni dereva kusimama akichoka, na dereva hasimami kwa kujua tu kwamba amechoka. Hilo analijua kabla bangili haijalia. Anasimama pale ambapo kusimama hakumpunguzii posho. Kuhesabu saa alizoendesha kunawezekana leo kwa king'amuzi kilichomo garini, bila kugusa mkono wa mtu. Anayeshindwa kutumia rekodi aliyonayo asituombe nyingine iliyo ndani zaidi.

Kwa hiyo mdhibiti wa usafiri wa ardhini (LATRA), Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na vyama vya madereva wakae sasa, kabla ya wauzaji kumaliza kuzunguka ofisi za wasafirishaji. Usomaji wa kila dereva ubaki kwake na kwa daktari. Kinachopelekwa kwa mwenye gari na kwa mamlaka kiwe jumla isiyo na majina: njia ipi, mpaka upi, ratiba ipi inawamaliza watu. Onyo likitoka, dereva awe na haki ya kuegesha bila kukatwa hata senti, na haki hiyo iandikwe kwenye mkataba. Mwenye lori asiyekubali sharti hilo la mwisho, dereva asikubali bangili yake.