Kidato cha Nne Wasinyang'anywe Klabu

Ikifika Julai, shule nyingi za mkoa wetu wa Songwe hubadilika kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Kambi ya kitaaluma huanza, prepu huongezwa, na majina yao hufutwa kimyakimya katika orodha ya timu, ya kwaya na ya kikundi cha maigizo. Nahodha hurudisha jezi. Mwenyekiti wa klabu ya mdahalo humkabidhi daftari mtoto wa kidato cha pili. Mtihani wa Taifa ni Novemba, na mzazi wa Tunduma anayelipa michango ya shule kwa faida ya kibanda cha mpakani hataki kusikia kwamba mwanawe yuko uwanjani.

Ninawaelewa walimu, na ninamwelewa mzazi huyo. Hata hivyo nasema wanakosea, na ushahidi wangu wa kwanza ninauchukua kwenye vitabu mnavyovisoma kwa ajili ya mtihani huohuo.

Baadhi yenu mmeisoma The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o katika fasihi ya Kiingereza. Mnamjua Remi, kijana wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu, ambaye kijiji kizima kinamngoja arudi. Mmekariri dhamira, mmekariri migogoro. Wachache huuliza tamthiliya hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1962 Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi wa Makerere, Kampala. Mabweni ya chuo hicho yalikuwa na desturi ya kushindana kwa kazi za wanafunzi wenyewe, naye alikwisha kuyaandikia mashindano hayo michezo mifupi ya kuigiza. Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba mwaka huo, na mwezi uliofuata wanafunzi wa chama cha maigizo wakaupandisha mchezo wake mrefu wa kwanza katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Kampala, wakisherehekea uhuru huo. Kitabu cha Heinemann mnachokijua kilitoka mwaka 1968. Kwa hiyo kabla ya kuwa swali la mtihani, The Black Hermit ilikuwa kazi ya klabu ya wanafunzi.

Hawakuishia hapo Makerere. Mwaka 1965 kulianzishwa kikundi cha maigizo cha kusafiri, ambacho wanafunzi wake walizunguka Uganda na Kenya wakionyesha michezo bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Wengi wa watazamaji wao hawakuwa wamewahi kukanyaga ukumbi wa maigizo. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwaka 1967, na Ebrahim Hussein aliandika tamthiliya zake za mwanzo akiwa mwanafunzi hapohapo. Kinjeketile yake ilitoka mwaka 1969. Anayesoma Vita vya Maji Maji katika Historia leo anasoma jambo ambalo kijana wa chuo alilichukua akalipa sauti na mwili.

Sasa tazama tunavyoitendea Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Marehemu Edwin Semzaba, aliyeiandika, alikuwa mwalimu wa maigizo katika chuo hichohicho cha Dar es Salaam, mtu wa jukwaa hasa. Aliyaandika maneno yale yasemwe na watu waliosimama. Sisi tunayageuza kuwa muhtasari wa kurasa mbili, ujumbe na mafunzo, kisha tunashangaa kwa nini mtahiniwa anaandika kwamba Mzee Mitomingi alichoma karatasi za sensa lakini hawezi kueleza hasira ile ilitoka wapi. Aliyewahi kuigiza Mitomingi hata mara moja, mbele ya wenzake wanaocheka, hasahau.

Lakini hoja yangu si ya alama tu.

Wengi wenu mnataka kufika chuo. Kutoka Tunduma, vyuo vikuu vya karibu viko Mbeya, zaidi ya kilomita 100, na ukishateremka stendi hakuna kengele ya prepu wala mwalimu wa zamu. Huko, jumuiya zinazosimamia michezo, sanaa na burudani za wanafunzi huendeshwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wenyewe. Chuo hutoa uwanja na mlezi. Kazi iliyobaki ni yao: kuandika katiba, kuitisha uchaguzi, kuandaa bajeti na kuitetea mbele ya serikali ya wanafunzi, kukodi basi, kupatanisha kipa na kocha, na baada ya mashindano kusoma mapato na matumizi mbele ya watu wanaoijua bei ya kila chupa ya maji. Anayeyafanya hayo anajifunza kuulizwa kuhusu fedha za watu akiwa na umri wa miaka 21, wakati kosa bado ni la shilingi elfu arobaini.

Mwanafunzi aliyefutwa kwenye kila klabu akiwa kidato cha nne hufika chuoni akijua kukaa kwenye dawati tu. Huwa mtazamaji. Wenzake waliozoea kuendesha mambo ndio wanaochaguliwa, na ndio wanaojua kuandika barua ya kuomba ufadhili. Kwa mtoto wa mpakani hili linaniuma zaidi, kwa sababu sisi tumekulia mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano anajua kubadilisha kwacha. Uwezo wa kuendesha shughuli tunao. Shule inautoa mikononi mwetu mwaka uleule ambao ungekomaa.

Najua nitakavyojibiwa. Kuna kijana aliyejificha kwenye mpira mpaka akapata sifuri. Nimemfundisha, na sitamtetea. Alikuwa akienda uwanjani siku sita kwa wiki na hakuna aliyemwekea mpaka. Nimemfundisha pia binti aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo katika shule moja ya mkoa huu. Mwezi Julai alinyang'anywa ufunguo wa kabati la maleba mbele ya mstarini, kana kwamba ameiba. Hakuutumia muda ule kusoma zaidi. Aliutumia kukaa bwenini amenuna, akisubiri mwaka uishe. Mtu mmoja si utafiti, najua, lakini sijamsahau.

Hata taifa limewahi kuijaribu njia ya kufuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya UMISSETA na UMITASHUMTA yalisimamishwa kwa hoja hiihii ya masomo, na baadaye yakarudishwa. Kama kuondoa mpira kungetosha kuwafaulisha watoto, nadhani yasingerudi.

Ninachoomba ni kidogo. Kidato cha nne wapewe saa mbili za Jumamosi alasiri, baada ya kufua na kabla ya chakula cha jioni, hadi mwisho wa Septemba. Saa hizo wazisimamie wao, mwalimu akae pembeni. Wasiosoma fasihi ya Kiingereza waigize onyesho moja la Ngoswe kila wiki mbili. Wanaoisoma wachukue la Remi akirudi kijijini. Wenye mpira wacheze, lakini ratiba, maji na kitabu cha fedha viwe juu yao. Atakayeshuka sana katika mtihani wa utamilifu apumzishwe wiki tatu, kisha arudi. Sheria hiyo waitunge wenyewe, wataiheshimu zaidi kuliko yetu.

Nawe mtahiniwa, usisubiri shule ikubali yote. Nenda kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na karatasi moja: siku, saa, majina, nani anatunza fedha, nani atarithi. Ukienda na malalamiko atakurudisha darasani, na atakuwa sahihi. Na ufunguo wa kabati la maleba, ukiupata, ukabidhi mwenyewe Oktoba kwa mdogo wako wa kidato cha tatu, kwa maandishi, kila vazi likiwa limehesabiwa.