Mbegu Iliyobaki Baada ya Pamba

Ukitaja mafuta ya pamba Uganda, huwezi kuiruka Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda: mwaka 1903 Kenneth Borup wa Uganda Company aliagiza mbegu, wakagawiwa machifu wa Buganda. Nyuzi zilisafirishwa Uingereza. Mbegu, ambazo mchambua pamba huziona masalio, ndizo zenye mafuta na vitamini E. Ila mafuta hayo yakikamuliwa hutoka meusimeusi, yamebeba gosipoli, sumu ya mmea wenyewe, mpaka yasafishwe kwa kostiki soda. Mashudu yake ng'ombe mkubwa huyavumilia kwa kiasi. Kuku na nguruwe huwadhuru upesi, kwa hiyo mfugaji aulize ni mashudu ya nini kabla ya kulipa. Nami mafuta ya pamba yasiyosafishwa siyanunui, hata yakiuzwa bei ya kutupa.