Kibaba cha maji na haki ya jirani



Shukrani zote zinamstahiki Allah (s.w.), aliyejaalia uhai wa viumbe utokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, juma hili nataka tuzungumzie ibada tunayoifanya mara nyingi kwa siku bila kuitafakari, nayo ni kutawadha. Nitaanza kwa kujisema mwenyewe kabla ya kumsema mwingine.

Mwishoni mwa Oktoba 2022, sisi wakazi wa Dar es Salaam tulitangaziwa mgawo wa maji kwa sababu maji ya Mto Ruvu yalikuwa yamepungua mno. Nyumbani kwetu lipo tangi, hivyo siku za mwanzo hatukuona shida kubwa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye riziki yake ni kukaanga vitumbua alfajiri. Yeye hana tangi, na siku zile alikuwa akinunua maji kwa dumu. Jioni moja alimtuma mjukuu wake kwetu na ndoo. Nilimjibu mtoto yule kwamba tangi limepungua. Sikusema uongo, kwani lilikuwa limepungua kweli. Lakini sikujiuliza ni nani aliyelipunguza.

Jibu nililipata siku ya pili yake kwa mwanangu wa miaka 10, aliporudi madrasa. "Baba," aliniuliza, "ustadhi ametufundisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja. Kibaba ni kiasi gani?"

Nilimweleza kwamba mudi, ambayo wazee wetu wa pwani huiita kibaba, ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Na vibaba 4 ndiyo pishi, ile tunayoijua katika Zaka ya Fitri. Kwa vipimo vya leo, kibaba cha maji ni kama theluthi 2 za lita. Mtoto aliitazama chupa ya nusu lita iliyokuwa mezani, akasema, "Mbona wewe unatumia mengi?" Nikamwambia si kweli. Hakubishana nami. Kabla ya Magharibi aliweka ndoo chini ya bomba, nami nikatawadha kama nilivyozoea. Tulipoyapima maji yale, yalikuwa lita 6 na nusu.

Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba. Bombani kwangu haba na haba ilikuwa imejaza vibaba 10, kwa udhu mmoja. Nyumbani tupo watu 6. Tukichukulia kuwa kila mmoja anatawadha kwa kila sala kwa namna ile yangu, ni lita 195 kwa siku, yaani karibu ndoo 10 kubwa za lita 20. Kwa kipimo cha Mtume (s.a.w.), ndoo moja ingetutosha sote kutwa nzima. Hizo ndoo 9 zilizobaki zilikuwa zikiingia katika karo, na jirani yangu ananunua maji kwa dumu.

Usiku ule nilijaza ndoo 2 nikazipeleka mwenyewe. Mama yule alizipokea kwa dua, wala hakunikumbusha ya jana yake. Hilo ndilo lililonielemea zaidi.

Ndugu wasomaji, kipimo hicho hakikutokana na makisio. Hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inatujulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi 5. Huenda mtu akasema kwamba Madina ilikuwa nchi kavu, ndiyo maana maji yakabaniwa. Lakini Ibn Majah amepokea kisa cha Sa'd (r.a.), aliyekanywa na Mtume (s.a.w.) kwa kuzidisha maji ya udhu, akafahamishwa kuwa israfu hubaki kuwa israfu hata kwa aliye kando ya mto unaotiririka. Wapo wanavyuoni walioijadili sanadi ya hadithi hii, lakini maana yake inakubaliana na mafundisho mengine. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa sana katika madrasa zetu, amenakili kuwa wanavyuoni wameafikiana kukataza israfu ya maji hata kwa aliye ufukweni mwa bahari.

Sisi, basi, hatutawadhi kwa maji ya bahari, na mto tunaoutegemea tumeshauona ukipungua. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao chimbuko lake ni milima ya Uluguru mkoani Morogoro, nao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Jiji linaloutegemea mto huo lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika Sensa ya 2022.

Msitu wa mlimani ndio tangi la mto. Majani hupunguza kishindo cha mvua, na udongo wenye mboji na mizizi huyanywa maji, kisha huyaachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Msitu ukifyekwa, mvua ile ile hushuka kwa kasi na kubeba udongo. Mto hufurika kwa siku chache, kisha hunywea. Mvua inapochelewa, kama ilivyokuwa mwaka ule, mto hauna akiba.

Wala tusidhani kuwa wanaofyeka ni watu wengine tusiohusiana nao. Mkaa unaoivisha maharage yetu na futari zetu huletwa jijini kutoka mikoani, ikiwemo Pwani na Morogoro, na kilo moja ya mkaa huhitaji kilo kadhaa za kuni katika tanuri la udongo. Abu Daud amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa Waislamu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto. Mwenye kupoteza maji au kuni kwa uzembe, basi, anapoteza mali ya shirika, na baadhi ya washirika wake hawajazaliwa bado.

Tufanye nini? Kwanza, tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Kueneza maji katika viungo vya udhu ni wajibu, na kisigino kilichoachwa kikavu kimekuja na onyo kali. Linalotakiwa ni kuacha ziada, si kupunguza wajibu. Kuosha ni mara tatu, na hakuna ya nne.

Pili, turudishe kopo na birika. Bibi zetu walitawadha kwa birika moja, wakabakisha, na hatukusikia kuwa udhu wao ulikuwa na kasoro. Mwenye kutumia bomba alifungulie kidogo, na alifunge anaposugua viungo au anapopangusa kichwa.

Tatu, ndugu zangu wa kamati za misikiti, bomba linalovuja lisisubiri mchango wa Ramadhani. Na maji ya udhu yanaweza kuelekezwa kwenye miti ya uani badala ya kupotelea mtaroni.

Nne, wazazi, wawekeeni watoto ndoo chini ya bomba kama nilivyowekewa mimi. Kisha mkiona ziada inayopotea kila siku, mtazameni jirani wa tatu, mjue ni ya nani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru neema kwa vitendo, na asituondolee maji kwa sababu ya yale yaliyotendwa na mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.