MASHAURI YA NYUMBANI: Shauri la Mja Mzito Likatwe Mapema

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, waume kwa wake, na nyinyi vijana mliooa karibuni na mnaokusudia kuoa, mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi husemwa wakati umekwisha pita. Nalo ni shauri la mwanamke mwenye mimba na matayarisho ya kuzaa kwake.

Kurani Tukufu haikuificha taabu hii. Katika Sura ya Luqman, aya ya 14, tumekumbushwa kuwa mama huchukua mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Na katika Sura ya Maryam tumeelezwa jinsi Bibi Maryamu alivyoshikwa na uchungu hata akatamani kuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile. Mola wake hakumkemea. Alimliwaza, akampa kijito cha maji chini yake na tende mbivu. Lakini tazameni: aliambiwa alitikise shina la mtende. Aliyemruzuku mwana pasipo baba hakushindwa kumwangushia tende pasipo yeye kuunyosha mkono. Basi kutawakali si kukaa na kungoja.

Wako wasemao, "Mwanamke akifa kwa uzazi ni shahidi," kisha wakatulia. Hadithi hiyo ni kweli, na ni liwazo kubwa kwa waliofiwa. Lakini katika hadithi iyo hiyo wametajwa pia aliyekufa maji, na aliyeungua kwa moto, na aliyeangukiwa na nyumba. Je, ni nani kati yetu amwonaye mwenziwe akizama akasema, "Mwacheni, atakuwa shahidi"? Sote tutajitupa majini. Basi kwa nini tumtupie kamba mvuvi, na mke tumwache azame kitandani mwake?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2023 walikufa wanawake wapata 260,000 kwa sababu za mimba na uzazi, na wengi wao wangaliweza kuokolewa. Mabingwa wa mambo haya wasema kuwa kuchelewa ni kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa kufika hospitali, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Hilo la tatu si letu peke yetu. La kwanza ni letu.

Uchungu huanza usiku. Mume yu baharini, au yu bara kwa biashara. Mavyaa asema, "Tumngoje mwenyewe aje atoe idhini." Shangazi asema, "Mimi nilizaa saba papa hapa." Na huku damu yatoka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa neno lao ni kweli bila ya fumbo, kwani mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa 2.

Kurani, katika Sura ya Baqara, aya ya 233, imewaelekeza baba na mama waridhiane na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa ziwa lina mashauriano, seuze roho mbili! Kwa hiyo kaeni wawili, mimba ingali changa, mkate shauri katika mambo haya:

Kwanza, kliniki. Shirika hilo lilishauri mwaka 2016 kuwa mja mzito aonwe na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia wiki 12. Huko hupimwa damu na shindikizo lake, huchanjwa pepopunda, na hupewa vidonge vya kuongeza damu.

Pili, mahali pa kuzalia, chombo cha kumpeleka hata kama ni usiku wa manane, na fedha za kuweka kando kidogo kidogo.

Tatu, watu wawili au watatu walio tayari kutoa damu ikihitajiwa.

Nne, na hili ndilo kubwa: mume atoe idhini yake mapema, mbele ya wazee, kuwa ikizuka hatari mke apelekwe mara moja, yeye awepo asiwepo. Idhini hiyo haimpunguzii heshima. Ni katika ulinzi aliokabidhiwa.

Na wote nyumbani wazijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana na macho kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hapo hapana tena kushauriana. Ni kwenda.

Ama wanaoona haya kwa ajili ya tabibu mwanamume, jawabu ni kuwa atafutwe kwanza tabibu au mkunga wa kike. Asipopatikana, wanavyuoni wamekubali kuwa dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kadiri ya haja. Na baba apendaye binti zetu wahudumiwe na wanawake, basi na amsomeshe binti yake awe mkunga au tabibu.

Enyi vijana, mahari mliyatafuta kwa miezi, na harusi mkaipangia kamati. Jambo hili litakalomrudisha mke nyumbani akiwa hai, na mwana mkononi, halistahili kikao cha jioni moja?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasahilishie waja wazito wote, awape watoto wema, na awarehemu waliotangulia. Amin.