Toleo la mwisho halikuwa na kwaheri

Kama ulisomea shule za hapa mjini, bila shaka unakumbuka pilkapilka za kufungua shule kila Januari. Madaftari mapya yalikuwa sharti yafunikwe kabla ya mwalimu kuyakagua. Kuna waliofunika kwa kaki iliyonunuliwa dukani na kuna waliofunika kwa magazeti. Sisi kwetu, mama alichukua majalada ya vitabu vyetu vya katuni. Hakuwa na nia mbaya. Karatasi ile ilikuwa ngumu, ya kung'aa, na ukiikunjua ilitosha daftari barabara. Hakuona sababu ya kununua kaki ilhali nyumba ilikuwa imejaa picha za wanaume waliovaa nguo za kubana.

Basi nikakua nikiyajua majalada kuliko hadithi zenyewe. Nilipogusia jambo hili majuma machache yaliyopita, wasomaji kadhaa waliniuliza ni majalada gani ninayoyapenda zaidi. Jibu langu huenda likakushangaza. Napenda yale ya matoleo ya mwisho, tena ya mifululizo ambayo haikuishi sana.

Vitabu vyenyewe tulivinunua kwa wauzaji wa mitumba waliotandaza mali yao kando ya barabara. Vingi vilikuwa vya Marekani, na baadhi vilitufikia vikiwa tayari havina jalada. Mimi na kaka yangu tuliwalaumu watoto wa huko ng'ambo kwa utundu. Kumbe tuliwasingizia! Zamani hizo, mwenye kibanda cha magazeti kule Marekani hakurudisha kitabu kizima kilichokosa mnunuzi. Alirarua jalada, au kipande cha juu chenye jina, akakipeleka ili arejeshewe pesa zake. Kilichobaki kilipaswa kuharibiwa, lakini unajua biashara. Jalada lilikuwa ndiyo stakabadhi.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Hesabu ya majalada yaliyorudi ilichukua miezi kumfikia mchapishaji. Wakati huo mchoraji alikuwa ameinama mezani akishughulikia toleo la baadaye. Amri ya kusimamisha kazi ilipokuja, ilikuja kama kukatika kwa stima: bila hodi. Ndiyo maana toleo la mwisho mara nyingi halina kwaheri. Shujaa bado amekunja ngumi kana kwamba mwezi ujao mtaonana.

Tuanze na lile linalojulikana kote duniani, ingawa wengi hawajui kwamba lilikuwa la mwisho. Ni Amazing Fantasy namba 15, la Agosti 1962. Mfululizo huo ulianza 1961 kwa jina la Amazing Adventures, ukaitwa Amazing Adult Fantasy, kisha Amazing Fantasy. Ulikuwa kama mgonjwa anayebadilishiwa waganga huku hali ikizidi kuwa mbaya. Mwandishi Stan Lee alisimulia baadaye kwamba bosi wake, Martin Goodman, hakutaka kusikia habari za shujaa buibui kwa kuwa watu huchukia buibui. Lakini katika gazeti linalokata roho, nani angejali? Steve Ditko, aliyechora hadithi ya ndani, alichora pia jalada, likakataliwa. Jack Kirby akachora jingine na Ditko akalipitishia wino.

Litazame vizuri ukilipata. Kijana mwenye barakoa ananing'inia kwenye uzi, kwapani amembana mwanamume mzima kama mtu aliyebeba gunia la viazi, na huko chini juu ya mapaa watu wadogo kama siafu wanamwonyesha kwa vidole. Ndani, wasomaji waliahidiwa kwamba Spider-Man angerudi kila mwezi. Hakurudi, kwa maana gazeti lenyewe lilikufa. Ilibidi hesabu za mauzo zifike ndipo wakubwa wazinduke, na kitabu chake mwenyewe kikatoka kikiwa na tarehe ya Machi 1963.

Kitabu hicho cha senti 12 kilipigwa mnada Septemba 2021, nakala moja safi, kikaleta dola milioni 3.6. Kwa kiwango cha wakati huo hizo ni karibu shilingi milioni 400 za Kenya. Nilipomsomea mama habari hiyo, aliniuliza mara moja kama tuliwahi kuwa nacho. La hasha! Hatukuwa nacho, na ninamshukuru Mungu, maana leo kungekuwa na matanga nyumbani.

Hulk naye, huyo jitu wa kijani anayevaliwa na watoto wako kwenye fulana, mfululizo wake wa kwanza ulikufa baada ya matoleo sita tu, Mei 1962 hadi Machi 1963. Jalada la namba 6 ni la Ditko. Hulk anakabiliana na kiumbe kutoka sayari nyingine mwenye uwezo wa kukifinyanga chuma chochote apendavyo. Nalipenda kwa sababu moja ya kitoto: ndani, jitu hilo la mabavu linashinda kwa ujanja, likimtisha adui kwa bunduki ya bandia isiyo na chuma hata kidogo.

Kuna jalada jingine ambalo silipendi kwa kile linachokionyesha. Ni Incredible Science Fiction namba 33, la Januari na Februari 1956, kazi ya mchoraji Wally Wood. Usidanganywe na hiyo namba. Hesabu ilirithiwa kutoka kwa gazeti lililotangulia. Kwa jina hilo yalitoka matoleo manne tu. Mwaka wa 1954, baada ya wazazi na hata maseneta wa Marekani kulalamika kwamba katuni zinapotosha watoto, wachapishaji waliunda ofisi ya kukagua kila ukurasa. Muhuri wake uliwekwa kwenye jalada, na kitabu kisicho na muhuri wenye vibanda walikikataa.

Kwa toleo hilo hadithi moja ilikataliwa, na wachapishaji, kampuni ya EC, wakaijaza nafasi kwa hadithi ya zamani, ya 1953, iliyochorwa na Joe Orlando. Mjumbe kutoka duniani anakagua sayari ya roboti kuona kama wamestahili kujiunga na jamii ya walioendelea. Anakuta roboti za rangi ya machungwa zimezibagua zile za buluu, ilhali ndani zote ni vyuma vilevile. Anawaambia bado hawajastahili, anaondoka. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake, na tunaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu mweusi.

Mkaguzi, aliyewahi kuwa hakimu, alisema haiwezekani, mtu huyo asiwe mweusi. Hebu fikiria, msomaji! Ukimbadilisha rangi, hadithi nzima imebaki nini? William Gaines na mhariri wake Al Feldstein walikataa katakata, wakaichapa kama ilivyokuwa. Hicho kikawa kitabu cha mwisho cha katuni za rangi kutoka kampuni hiyo. Gaines alibaki na jarida lake la vichekesho, MAD. Nikilitazama jalada la Wood, ambalo halina hata dokezo la hadithi hiyo, naona mlango wa kawaida wa nyumba ambayo ndani yake watu wamekataa kupiga magoti.

Sasa nije kwa lile langu mwenyewe.

Mwaka jana mama alikuwa akihama nyumba, na ndani ya sanduku la bati nikakuta daftari la hesabu la kaka yangu, la Kidato cha Pili. Lilifunikwa kwa jalada la New Gods namba 11, la Oktoba na Novemba 1972: Orion na Kalibak katika vita vyao. Kirby huyohuyo aliandika, akachora. Alihama kampuni moja hadi nyingine mwaka wa 1970 akiwa na hadithi kubwa kifuani, ya miungu wapya wa sayari mbili, na ya Orion, mwana wa mtawala mwovu Darkseid aliyelelewa na maadui wa baba yake. Katika namba 11 tunajua kwamba Kalibak naye ni mtoto wa Darkseid. Ndugu wawili walikuwa wakiuana bila kujuana. Sote tulingoja siku baba na Orion watakapokutana uso kwa uso.

Siku hiyo haikuja. Mfululizo ulisimamishwa hapo hapo. Sisi hatukujua. Mimi na kaka tulizunguka kando za barabara mwaka mzima tukiulizia namba 12, hadi wauzaji wakatuchoka. Nilikuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba namba 12 ipo, lakini ilitoka 1977, kwa mikono ya watu wengine. Kirby mwenyewe hakupata nafasi ya kuirudia hadithi yake mpaka katikati ya miaka ya 1980, alipoimalizia kwa kitabu kiitwacho The Hunger Dogs.

Nusu ya kwanza ya daftari lile ni hesabu za kaka kwa mwandiko wake ulioinama. Halafu, katikati ya zoezi, hesabu zinakoma. Karo ilikosekana, akarudishwa nyumbani muhula wa pili, na hakurudi tena shule. Kurasa zilizobaki mama aliandika michango ya chama.

Nilimpelekea daftari gerejini anakofanyia kazi. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akalishika pembeni asilichafue, akalitazama jalada kwa muda mrefu. Hesabu hakuzifungua.

"Ule mzee aliyechora hii," akaniuliza, "hatimaye aliimaliza?"

Nikamwambia aliimaliza, baada ya zaidi ya miaka kumi, ingawa wapo wanaosema haikuwa kama alivyotaka.

"Una hicho kitabu?"

Sina, nikamwambia, lakini naweza kukitafuta.

"Kitafute, mdogo wangu," akasema, akaingia tena chini ya gari. Kisha sauti ikatoka huko chini: "Na safari hii usimpe mama jalada!"