Plastiki na Uzazi wa Wanaume

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 walichukua maji katika vibuyu, na asali ya misitu yao ilihifadhiwa katika vilindo vya magome ya miti. Leo katika njia ile ile, kutoka Ujiji hadi pwani, karibu kila kitu hutiwa ndani ya plastiki. Hatukusudii kuitukana plastiki. Ndoo nyepesi imempunguzia mama uzito wa mtungi. Lakini yako mambo yanayowapasa watumishi wa umma na walimu wetu kuyafahamu.

Plastiki ya aina ya PVC kwa asili ni ngumu. Ili ilainike, viwandani huchanganywa na kemikali, nyingi zikiwa za jamii iitwayo thaleti. Kemikali hizo hazishikamani barabara na plastiki, hivyo huvuja polepole, hasa penye joto au mafuta. Panya dume waliofikiwa na baadhi yake wakiwa tumboni walipungukiwa na homoni ya kiume, na wengine walizaliwa na kasoro za viungo vya uzazi. Kwa binadamu, uchunguzi kadhaa umezihusisha na udhaifu wa mbegu za kiume, ingawa ushahidi haujakamilika. Sigara na unene nao ni washtakiwa. Umoja wa Ulaya haukungoja mabishano yaishe: mwaka 2005 uliamua kuzipiga marufuku baadhi ya thaleti katika vitu vya kuchezea watoto.

Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni, 2019. Uamuzi ule ulihusu mazingira, nao ulistahili. Haukugusa mpira laini wa kufyonzea mafuta ya kula kutoka pipani, wala kipande cha plastiki kisichojulikana asili yake kinachofunika sufuria ya wali.

Linalotuuma zaidi ni jingine. Mume na mke wakikosa mtoto, mwanamke ndiye aitwaye tasa, ndiye apelekwaye kwa mganga, na pengine ndiye apewaye talaka. Ilhali kasoro ya upande wa mwanamume huchangia katika takriban nusu ya ndoa za namna hiyo, na kipimo cha kwanza huhitaji darubini na mtaalamu wa maabara tu. Mwalimu au karani ambaye mkewe amekwisha kupimwa mara tatu, na yeye hajapimwa hata mara moja, aende hospitali wiki hii.